Bakuli la Kwanza la Bi Thuwaiba

Hapo Sokomuhogo, Unguja, kuna nyumba ya dirisha la kijani, na kwenye baraza yake sufuria ya urojo, ule mchuzi mzito wa ukwaju na embe, haifunguliwi mpaka mwenyewe ale kwanza. Ndiyo sheria ya pale, na haikuandikwa popote kwa kuwa aliyeitunga hakujua kushika kalamu. Aliitunga mama yake Thuwaiba, zama watu walipomzushia kwamba urojo hauwi mtamu vile bila ya kutiwa kitu. Bibi yule hakugombana na mtu. Siku ya pili, baada ya alasiri, alikaa barazani, akateka bakuli la kwanza, akamwita aliyezusha mbele ya mtaa mzima: "Nitilie pilipili kwa mkono wako mwenyewe, usije ukasema nimejichagulia." Akatiliwa. Akala mpaka ukaonekana mchoro wa ua kitakoni mwa bakuli, akasema alhamdulillahi, ndipo akaanza kuuza.

Toka hapo ikawa ndiyo desturi. Mteja wa kwanza anamtilia pilipili mwenye sufuria, mwenye sufuria anakula, na bakuli hilo halimwagwi wala halibakishwi. Akishasema alhamdulillahi, upawa unashuka na wengine wanapata.

Na pilipili yenyewe si ya kuchezea. Ni pilipili mbuzi iliyosagwa na ndimu na chumvi, ikakaa juani ndani ya chupa mpaka ikapata hasira. Chupa ikifunuliwa, kunguru wanahama paa. Mgeni mmoja, Mtaliana, alilamba ncha ya kijiko tu akaanza kusema Kiswahili cha ndani kabisa, na matusi ya bandarini Malindi humo humo, na hali hajafundishwa hata salamu. Ulimi ulipopoa, Kiswahili kikamtoka. Asiyesadiki amuulize Mzee Nahodha, alikuwa amekaa karibu yake.

Thuwaiba aliirithi sufuria pamoja na sheria yake. Miaka na miaka alikula bakuli lile kila alasiri, Ramadhani tu ndiyo iliyompumzisha. Mzee Nahodha, mkubwa wa wazee wanaokunywa kahawa barazani hapo, ndiye aliyekuwa akimtilia, na mkono wake haukuwa mwepesi. Thuwaiba anakula, jasho linamtoka, anacheka, anaomba kachori ya pili. Bakuli la pili alikuwa akila kwa kuwa la kwanza lilimnoa. La tatu alikula kwa kuwa la pili lilikuwa peke yake. Nahodha yeye, baada ya kumtilia mwenzake pilipili ya kuamsha maiti, bakuli lake mwenyewe hulila ameupa mtaa mgongo.

Mwili ukaongezeka mpaka ukawa mzigo. Sukari ikapanda, magoti yakagoma. Kutoka nyumbani hadi soko la Darajani, mwendo wa kumaliza tasbihi moja, yeye alipumzika kila baraza, na watu wa njiani wakamzoea kama wanavyomzoea mtoza kodi. Kaka yake aliyeko Maskati ndiye aliyesema basi, akamlipia hospitali moja ya Dar es Salaam, na huko wakamkata tumbo. Wakalipasua kwa urefu, sehemu kubwa wakaitoa, wakamwachia kifuko chembamba mfano wa ndizi mzuzu. Mtaani aliaga kwamba anakwenda kutolewa uvimbe.

"Mama, umewadanganya watu," alisema Badria, binti yake.

"Sikudanganya. Uvimbe ulikuwa ni mie."

Akarudi Unguja na tumbo la ndizi. Kwanza maji ya supu yaliyochujwa, kisha uji, kisha vya kupondwa, kila kitu kijiko kimoja na kusubiri. Kanga zikaanza kumzunguka mara mbili. Akaenda Darajani bila ya kukaa popote, na baraza za njiani zikamkumbuka. Sukari ikashuka. Kila kitu kilikaa sawa isipokuwa sufuria.

Kwa kuwa sufuria haiwezi kulala, Badria ndiye aliyekalia kiti. Naye alijitahidi, maskini. Alikula bakuli la kwanza kama sheria inavyotaka, lakini Badria na pilipili hawakuumbiwa pamoja. Alikula huku analia, kamasi zinamshuka, na wateja wanacheka. Hilo lingesameheka. Lisilosameheka ni kwamba urojo wenyewe ulipotea. Siku moja ukwaju umezidi mpaka meno yanasimama, siku nyengine ni unga na manjano, kama gundi ya kubandikia matangazo. Zamani Thuwaiba alikuwa akichovya kidole, analamba, anatia hiki na hiki, basi. Sasa alikuwa akichovya kidole, analamba, na hasikii chochote isipokuwa ladha ya msumari. Hilo hakumwambia mtu. Aliogopa kwamba daktari alipolikata tumbo, ulimi nao ulikwenda.

Na bila ya ulimi, yeye ni nani pale barazani? Mwanamke aliyekonda, basi.

Alikuwapo muuguzi wa vyakula wa ile hospitali, kijana mwanamke anaitwa Ulfat, aliyekuwa akimpigia simu kumuuliza anakula nini. Siku moja Thuwaiba akamwambia kwa sauti ya unyenyekevu asiyokuwa nayo:

"Dada Ulfat, supu naruhusiwa?"

"Supu nyepesi ndiyo, Bi Thuwaiba. Kijiko kimoja kimoja."

Hapo ndipo alipofanya kosa, na ni kosa ambalo mtu wa nchi nyengine hawezi kulifanya hata akisomeshwa. Thuwaiba alijitolea fatwa mwenyewe. Kinachotekwa kwa upawa ni supu. Urojo unatekwa kwa upawa. Akamsubiri Badria atoke kwenda sokoni, akateka bakuli.

Vijiko vya mwanzo vilishuka. Akafurahi, akaharakisha. Kisha kitu kikasimama chini ya kifua kama mtu aliyekwama mlangoni na kabati. Havikushuka, havikurudi. Mate yakamjaa mdomoni, mazito, ya povu. Jasho la baridi likampiga mgongoni, moyo ukakimbia, macho yakaona vitone vyeupe. Alishuka kitini akalala kwenye sakafu ya jikoni, shavu kwenye saruji, mkono juu ya tumbo, akifikiri: mshono umefunguka, ntakufa na kachori kifuani, na watakaoniosha watajua.

Badria alimkuta hivyo. Alimuinamisha kwenye ndoo, na vikatoka kwa tabu kubwa. Daktari wa mjini akampapasa na kumpiga picha, akasema mshono umeshika, lakini hii isirudiwe. Jioni hiyo simu ikapigwa.

"Dada Ulfat, ile supu imenikataa."

"Supu gani?"

"Ya ukwaju."

"Ndani mlikuwa na nini?"

"Hamna kitu. Mbatata."

"Mbatata tu?"

"Na kachori. Moja. Na bajia za kuzamia. Yai si kitu, yai ulishaniambia nile. Na vile vichipsi vya muhogo vya juu, vya kupambia."

Upande wa pili kalamu ikasikika ikiwekwa mezani.

"Bi Thuwaiba," alisema Ulfat, "mie nimezaliwa Kikwajuni, hapo hapo Unguja. Hiyo supu jina lake nnalijua."

"Basi kama unalijua, mbona hukuniuliza?"

"Kwa sababu uliiita supu, mama yangu." Akapumua. "Sikiliza. Nlikwambia kunywa mbali na kula mbali. Urojo ni kunywa na kula kwa pamoja. Tumbo lako sasa ni kichochoro. Mkokoteni ukiwa unapita, mwengine lazima usubiri nje. Wewe umeingiza mikokoteni yote ya Darajani."

"Kwa hiyo nsile tena?"

"Sikusema hivyo. Tutautenganisha. Siku hii kitu kimoja, siku ile kitu kimoja. Kipya kikikaa, unaingiza chengine. Pilipili mwisho kabisa."

Ndivyo ulivyoanza urojo wa vipande. Siku ya yai, yai peke yake. Siku ya mbatata, mbatata peke yake, iliyopondwa kwa uma. Bajia ililowekwa mpaka ikasahau kwamba iliwahi kukaangwa, akatafuna hata Badria akaondoka, akarudi, akamkuta bado anatafuna ile ile. Mshikaki ulimkwama, akauacha. Chipsi za muhogo ndizo zilizomtia khofu nyengine, kwa kuwa zilishuka bila ya taabu. Zilivunjika, zikateleza, akala nyengine, na nyengine, na tumbo halikusema kitu, mpaka akajiona mkono uko ndani ya mfuko unatafuta. Akaufunga mfuko akampa Badria aufiche. Kinachokwama alikuwa akikiogopa. Hiki kisichokwama kilimtisha zaidi.

Rojo tupu, bila ya vitu ndani, lilishuka vizuri. Lakini lilikuwa bado na ladha ya msumari.

Pilipili alianza kwa ncha ya kijiti cha meno. Anachovya kijiti kwenye chupa, anakikorogea kwenye kijiko cha rojo, anakunywa, anakaa ameshika ukingo wa meza. Mara ya mwanzo alihisi moto unashuka taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi na kandili, unafika chini, unasimama, unageuka huku na huku. Akasubiri. Kandili ikazimika. Hakutapika. Alilia kidogo, na haikuwa kwa ajili ya pilipili.

Basi walikuwa wamefika hapo, kwenye kijiti, siku Mzee Nahodha alipopiga hodi.

"Shikamoo, Mzee Nahodha."

"Marahaba. Thuwaiba mwanangu, umekonda umependeza, kama mwari. Lakini watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Wanasema mwenye sufuria haonji sufuria yake. Anakaa pembeni kama mgeni wa harusi, bakuli la kwanza anakula mtoto, na mtoto analia. La kwanza likiliwa kwa machozi, la pili litaliwa kwa nini?"

"Nlikuwa mgonjwa."

"Ulikuwa. Sasa nnakuona Darajani unakwenda mbio kama umeiba." Aliegemeza fimbo ukutani, ishara kwamba yaliyobaki ndiyo aliyoyajia. "Ijumaa baada ya alasiri tutakuja sote, wazee wa kahawa, na waliohamia Kiponda ntawarudisha kwa mkono wangu. Ukila, tumekaa. Usipokula, mwanangu, tutajua lipo jambo. Na yule kijana muuza urojo wa Kiponda ana viti vya plastiki na feni."

"Ntakula."

"Vizuri. Pilipili ntakutilia mie, kama zamani."

Akaichukua fimbo yake akaondoka. Badria alikuwa nyuma ya pazia, amesikia yote.

"Hutokula," alisema.

"Nshamwambia ntakula."

"Na mie nshakukuta sakafuni mara moja. Sitaki mara ya pili. Mama, tufunge. Tuuze mandazi. Mandazi hayana sheria."

Thuwaiba aligeuza uso. Alikuwa akiitazama sufuria iliyogeuzwa juu ya meza, na ule mbonyeo wa ubavuni, pale mama yake alipompiga nayo mbwa aliyekuja kuramba. Wanaokumbuka wanasema alikuwa chui.

Siku ile ya Ijumaa Badria alirudi kutoka Darajani mapema, akafanya kazi kimya, na kimya cha Badria si cha kawaida. Alipokwenda kusali adhuhuri, Thuwaiba aliinua chupa ya pilipili akainusa, na pua haikushtuka. Akaifunua. Kunguru hawakutikisika. Ilikuwa nyanya, imesagwa na pilipili tamu isiyowasha, ikatiwa ndimu ili inukie vizuri.

Alikaa na ile chupa mapajani. Mtego mzuri, alifikiri, mwanangu ana akili. Nahodha angemimina mpaka achoke, naye angekula vijiko viwili vitatu akijipangusa jasho la uongo, na wengine wakiuliza mbona leo haiwashi, angewaambia ndimi zao zimezeeka. Hakuna atakayejua. Alishawahi kuwachezea watu wa mtaa huu michezo mikubwa kuliko huu, na akalala usingizi.

Lakini sheria ile ilitungwa kwa ajili ya hili. Mama yake hakula bakuli lile kwa njaa. Alikula ili mtu yeyote asiweze kusema humu ndani mna kitu kilichofichwa.

Akaifunika chupa ya nyanya akaiweka chini ya meza. Akaitafuta ile ya kweli, akaikuta nyuma ya gunia la mkaa, akaitoa barazani mwenyewe. Kunguru wakahama.

Baada ya alasiri wakaja. Wazee wa kahawa walikaa upande wa ukuta, wanawake wa jirani wakasimama mlangoni na vibakuli vyao, na wa Kiponda nao walikuwapo, wamejibanza nyuma kama waliochelewa khutba. Badria alipoiona chupa alitambua papo hapo. Alimtazama mama yake, na mama yake akaangalia pengine.

Thuwaiba aliteka bakuli. Aliteka kidogo, lakini bakuli ni lile lile, na kila mtu aliona alivyoteka. Rojo, kipande cha mbatata, bajia moja aliyoizamisha tangu adhuhuri.

"Mbona limepungua?" aliuliza Nahodha.

"Na mie nimepungua. Tia."

Watu wakacheka kidogo. Nahodha alikunja mkono wa kanzu, akachukua kijiko cha kulia, si kile kidogo cha pilipili, akachota, akamwaga. Akachota tena. Wekundu ule ukatandaa juu ya manjano kama wino. Badria alishika upawa kwa mikono miwili.

"Bismillahi," alisema Thuwaiba.

Alitoa kijiko cha kahawa kutoka kwenye upindo wa kanga. Akachukua ubavuni mwa bakuli, penye bajia, ambapo wekundu ulikuwa umeshafika. Akatia mdomoni.

Moto ulikuja wote kwa pamoja. Macho yalijaa, masikio yakavuma. Alianza kutafuna. Alitafuna bajia ikawa tope, alitafuna tope likawa maji, na bado alitafuna, kwa kuwa alijua akimeza tu hakuna tena la kufanya. Kikombe cha kahawa kiligonga sahani yake mahali fulani, na mtu akakishika kisigonge tena.

Akameza.

Moto ukashuka ngazi. Safari hii haikuwa kandili, ulikuwa mwenge. Ukafika pale chini ya kifua, penye mlango, ukasimama. Aliweka kiganja juu ya tumbo chini ya kanga, pasipoonekana. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Alihisi mate yakianza kujaa, yale mazito, akayajua, na akaiona sakafu ya jikoni, na saruji, na uso wa Badria. Si hapa, alifikiri. Ya Rabbi, popote lakini si hapa.

Na wakati anasubiri hivyo, hana pengine pa kwenda, kitu kikafika ulimini kutoka nyuma ya moto. Kwanza hakukitambua. Kilikuwa chembamba, cha uchachu, na mwisho wake uchungu kidogo. Alikizungusha mdomoni. Si msumari.

"Badria," alisema, na sauti ilitoka kavu. "Ukwaju huu umenunua ule uliokwisha kulowekwa."

"Ule mwengine ulikuwa haujafika," alisema Badria.

"Una uchungu wa mbegu. Na embe hukutia."

"Nimetia, mama."

"Umetia embe lililoiva. Nenda kwenye kapu, chukua bichi, paruza. Chumvi bado kidogo. Usikoroge sana, utaukata urojo."

Badria akaenda, akarudi, akaparuza embe mbele za watu. Kijani kikaanguka kwenye rojo la sufuria, na kidogo kwenye bakuli. Thuwaiba alikuwa bado amekaa wima, kiganja juu ya tumbo, mlango bado umefungwa. Mate yamejaa. Akayameza kwa nguvu, mara moja, na tena.

Kisha ndani kukafunguka. Mwenge ukapita, ukateremka, na juu yake ikapanda mbweu moja ndogo ya adabu, akaificha kwa upindo wa kanga.

"Alhamdulillahi," alisema.

Pumzi iliyotolewa pale ilipeperusha nzi wote wa Sokomuhogo. Badria akainua upawa.

"Bado," alisema Mzee Nahodha.

Upawa ukasimama hewani.

"Bakuli halibakishwi. Amekula kijiko cha mtoto mchanga. Sheria ni bakuli."

Na ni kweli. Wote waligeuka kumtazama Thuwaiba. Naye alilitazama bakuli, na hapo ndipo ilipokuwa shida yenyewe, kwa kuwa hakuwa anaogopa tena. Alikuwa anataka. Ulimi uliorudi ulikuwa unadai kila ulichonyimwa. Rojo lilinukia embe bichi, mbatata ilikuwa imelowa vizuri, na ule moto ulikuwa umegeuka mtamu, kama mtu wa nyumbani aliyerudi safari. Mkono ukashusha kijiko wenyewe. Kikachota. Kikajaa. Vitakuwa viwili tu, alifikiri. Vitatu. Mbona kimekaa.

Alipoinua macho alimuona Badria. Alikuwa amesimama tu na upawa juu, unadondoka rojo kwenye kanga yake mpya, naye hajui.

Thuwaiba alikirudisha kijiko ndani ya bakuli.

"Mzee Nahodha," alisema, "mie nimekatwa tumbo. Lililobaki ni kama ndizi mzuzu. Kijiko hiki kimeingia, cha pili hakina pa kukaa."

Wanawake wa mlangoni wakaangaliana. Mmoja alifungua mdomo, mwenzake akamfinya.

"Basi sheria imekufa," alisema Nahodha, lakini kwa sauti ya chini kidogo.

"Haikufa. Bakuli halimwagwi, halibakishwi. Mwenye sufuria keshakula mbele yenu. Aliyetia pilipili ni nani?"

Wote wakamgeukia Nahodha. Thuwaiba alisimama, wepesi, bila ya kushika ukuta, akamfikia pale alipokaa, akamtilia bakuli mikononi. Kisha akainama kama anayemwekea vizuri kanzu isichafuke, akamwambia sikioni, maneno ambayo Badria peke yake aliyasikia:

"Miaka yote hii nnakutekea lisilo pilipili, unakula umeupa mtaa mgongo, na sijamwambia mtu. Leo geuka."

Mzee Nahodha alilitazama bakuli. Alitazama wazee wenzake. Akachukua kijiko kile kile alichotilia pilipili, akachota, akakitia mdomoni.

Yaliyofuata yanasimuliwa kwa namna nyingi. Kwamba kofia ilimuinuka kichwani, hilo wote wanakubaliana. Kwamba alisimama, akaweka mkono kifuani, akasema Kitaliana, maneno marefu yenye huzuni, hilo wapo wanaolikanusha, lakini hao walikuwa wamekaa mbali. Lililo hakika ni kwamba alipopata pumzi alilisukuma bakuli kwa mzee wa ubavuni mwake, ili apone, na wa ubavuni akaona haya kukataa, akala kijiko akalisukuma mbele, nalo likazunguka baraza nzima hivyo, kila mtu kijiko kimoja, kila mtu analia na kumcheka aliyelia kabla yake, mpaka likafika kwa wale wa Kiponda wakalikomba. Ua la chini likaonekana.

"Teka," Thuwaiba alimwambia Badria.

Siku hizi bakuli la kwanza ndivyo linavyoliwa. Mwenye sufuria anaanza kwa kijiko cha kahawa, anatafuna, anasubiri, na mtaa mzima unasubiri naye kimya. Zipo siku kinakaa, na bakuli linazunguka baraza. Zipo siku mlango haufunguki, anaingia ndani taratibu kama anayekwenda kuchukua kitu, na Badria anamfuata, na watu barazani hawaulizi. Akitoka anakaa kitini, anakunja kanga. Chipsi za muhogo bado zimefichwa asipopajua. Kila alasiri anapita jikoni akizitafuta kwa macho tu, mikono ameifunga nyuma.